Bandari ikiongezwa kina Dar, mfuko wa mbolea Tukuyu unashuka lini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Tukuyu, nina shamba la parachichi na duka la pembejeo. Tangu mwaka 2023 tunasikia bandari ya Dar es Salaam imepewa wawekezaji, na serikali nayo imemwaga fedha nyingi huko. Wengine huku wanasema imeuzwa. Ninachokiona mimi dukani ni kwamba mbolea haijashuka bei kwa sababu ya bandari, na parachichi zetu wanunuzi bado wanazipitisha Mombasa. Naomba unieleweshe: bandari ni ya nani sasa, kwa nini unafuu haufiki huku juu, na je, sisi wakulima tusubiri Dar au tuendelee na Mombasa?"

Marahaba, mama. Maswali yako ni matatu lakini yanashikana, kwa hiyo nitayafuata kama ulivyoyapanga. Nitakawia zaidi kwenye lile la kati, kwa kuwa ndilo linalogusa duka lako na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Maneno mengi yamekwenda kwenye jina la mwekezaji. Mimi naamini kwamba kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini jina hilo lina uzito mdogo kuliko mambo mawili: mkataba unampima mwekezaji kwa kipimo gani, na unafuu unaopatikana gatini unabaki mikononi mwa nani kabla haujapanda mlima wa Kitonga.

Tuanze na umiliki. Bandari haijauzwa. Ardhi, maji na gati ni mali ya umma chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kilichobadilika ni nani anapakia na kupakua shehena juu ya gati hizo, na kwa masharti gani. Utaratibu wenyewe ni wa kawaida katika bandari nyingi duniani: mamlaka ya umma inakuwa mwenye nyumba, kampuni inakuwa mpangaji. Mpangaji analeta kreni, mitambo na mifumo ya kompyuta, analipa kodi ya pango na sehemu ya mapato, na muda ukiisha anaondoka.

Wala si mara yetu ya kwanza. Mwaka 2000 kitengo cha makontena, yaani gati namba 8 hadi 11, kilikodishwa kwa kampuni ya TICTS kwa miaka 10. Mwaka 2005, nusu ya muda ikiwa bado haijatumika, mkataba ukaongezwa miaka 15 mbele, hadi 2025. Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa kuliko yote katika historia ya ubia bandarini kwetu. Ukimhakikishia mtu muda mrefu kabla hujampima kwa kazi aliyoifanya, umejifunga mikono mwenyewe, na siku ya kumdai kasi zaidi hutakuwa na cha kumshikia. TICTS iliondoka mwishoni mwa 2022, kabla hata ya mwaka huo wa 2025 kufika.

Kuhusu DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, bila shaka unakumbuka jinsi mwaka 2023 ulivyotikisa mkoa wetu. Makubaliano ya Tanzania na Dubai yalisainiwa tarehe 25 Oktoba 2022, Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023, na kesi ya kuyapinga ikafunguliwa hapa hapa kwetu, Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya. Tarehe 10 Agosti 2023 majaji waliitupilia mbali. Hata hivyo hoja za waliopinga hazikuwa za kupuuzwa. Kubwa ilikuwa ya ukomo: makubaliano yale hayakutaja idadi ya miaka, na kifungu cha 23 kilibana mno mlango wa kujitoa, hata pale upande mmoja ungekuwa umekiuka vibaya. Mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba 2023 ikaja na yale yale watu waliyokuwa wanayadai: ukomo wa miaka 30 na utendaji kupimwa kila baada ya miaka 5. Naamini kabisa kwamba sauti za wananchi, za Mbeya zikiwemo, zilichangia. DP World ikaanza kazi Aprili 2024 katika gati 4 hadi 7, na ahadi ya kuwekeza dola milioni 250 kwa kuanzia. Mwezi uliofuata gati 8 hadi 11 zilitangazwa kwenda kwa ubia unaowajumuisha Adani Ports ya India na AD Ports ya Abu Dhabi, nao kwa miaka 30.

Kwa hiyo leo ndani ya bandari moja kuna waendeshaji wawili wakubwa wa makontena. Hilo ni jema. Wakati wa TICTS, kontena lako likikwama hukuwa na pengine pa kwenda pa maana. Sasa kampuni ya meli isiporidhika na huyu inaweza kuegemea kwa yule. Ila angalia vizuri anayechagua ni nani. Ni kampuni ya meli, siyo wewe. Ushindani unaoanza kumnufaisha mwenye meli haumfikii mwenye duka la Tukuyu moja kwa moja, na hapa ndipo tunapoingia kwenye swali lako la pili.

Kabla ya mfuko wa mbolea, tutazame fedha zenyewe. Wengi wanadhani wawekezaji ndio waliokuja kujenga bandari ya kisasa. Sehemu ngumu ilifanywa kwa fedha za umma kabla hawajafika. Mradi wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam ulioanza 2017 ulikadiriwa kugharimu takribani dola milioni 421: mkopo wa Benki ya Dunia milioni 345, msaada wa Uingereza milioni 12, na zilizobaki za TPA yenyewe. Gati namba 1 hadi 7 ziliimarishwa na kuongezwa kina hadi mita 14.5, ikajengwa gati mpya ya meli za magari, na mlango wa kuingilia ukachimbwa. Kama umewahi kuvuka kwa kivuko kutoka Magogoni kwenda Kigamboni umepita juu ya mlango huo. Ni mwembamba, na kila meli inayokwenda gatini lazima ipite hapo kwa zamu, ikiongozwa na rubani wa bandari.

Tanga nako serikali ilitumia shilingi bilioni 429.1. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali kwenye maji, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanavutwa hadi gatini, mzigo unapakuliwa mara ya pili. Kina cha pale gatini kilikuwa mita 3 tu. Sasa ni 13, na meli inafunga kamba gatini yenyewe. Mtwara ikapata gati mpya ya mita 300 yenye kina cha mita 13.5 kwa shilingi bilioni 157.8.

Ukipanga kazi hizi utaona mantiki yake. Kuchota mchanga baharini na kuzamisha nguzo za zege ni kazi inayodumu vizazi, na faida yake inasambaa kwa nchi nzima. Mfanyabiashara haoni namna ya kuirudisha fedha hiyo ndani ya muda wake, na akikubali kuifanya yeye, atadai masharti mazito sana. Mpango wa Bagamoyo wa mwaka 2013 ulikwama hapo hapo mwaka 2019, kwenye masharti. Kreni, magari ya kubebea makontena, mifumo ya kupanga mzigo, mafundi wa zamu za usiku, hayo ndiyo yanayomfaa mtu binafsi, kwa sababu yanachakaa, yanahitaji matengenezo kila siku na yanalipwa na mteja kila siku. Mimi nauunga mkono mgawanyo huu. Ila mkopo wa Benki ya Dunia ni deni la Watanzania wote, wa Rungwe wakiwemo, na ndiyo maana una haki kamili ya kuuliza unafuu uko wapi.

Sasa twende kwenye mfuko wa kilo 50 ulioegemea ukuta wa duka lako.

Mbolea nyingi inaingia nchini ikiwa haijafungashwa, imejazwa matumboni mwa meli kama mchanga. Pale gatini kreni inashusha makucha makubwa ya chuma, yanafumba, yanapanda yakidondosha punje, yanamwaga kwenye faneli kubwa, na chini ya faneli kuna lori au mashine ya kujazia mifuko. Mawingu yakitanda kazi inasimama na milango ya matumbo ya meli inafungwa, kwa sababu urea ikilowa imeharibika. Malori yasipokuwepo chini ya faneli, kazi inasimama tena. Kila saa ya kusimama ina gharama, kwa sababu meli imekodiwa kwa siku. Ndiyo maana maghala yaliyo ndani au jirani na bandari yana thamani kubwa: kampuni ya Yara ilizindua kituo chake cha mbolea bandarini Dar mwaka 2015, chenye uwezo wa kuhifadhi tani 45,000, ili meli ishushe haraka iondoke na ufungashaji ufuate. Huo ni uwekezaji binafsi uliomgusa mkulima wa nyanda za juu moja kwa moja, na ulipita bila mjadala wowote mkubwa.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako mwenyewe uone. Tuseme meli yenye tani 25,000 imesubiri nje siku 10, na kila siku ya kusubiri ni dola 20,000. Jumla ni dola 200,000. Gawanya kwa tani 25,000 upate dola 8 kwa tani. Tuchukue dola kuwa shilingi 2,600: ni shilingi 20,800 kwa tani, na kwa kuwa tani moja ina mifuko 20, kila mfuko umebeba shilingi 1,040 za kusubiri. Sasa tuseme lori linatoza shilingi 100,000 kwa tani kutoka Dar hadi Mbeya. Hapo mfuko mmoja umebeba shilingi 5,000 za barabara.

Umeona? Hata bandari ikiondoa foleni yote, kabisa, katika mfano huu umeokoa shilingi elfu moja na kidogo kwa mfuko. Nauli ikishuka kutoka laki moja hadi elfu 70 kwa tani, umeokoa 1,500. Bandari ina maana kubwa kwa taifa zima: Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba udhaifu wa bandari ya Dar uliigharimu Tanzania dola bilioni 1.8 na majirani zake milioni 830 katika mwaka mmoja tu wa 2012. Lakini ukiutazama mfuko mmoja mmoja wa huku kwetu, barabara inakula zaidi kuliko bahari. Mtu yeyote anayekuahidi kwamba kreni mpya peke yake zitashusha bei Tukuyu hajaipiga hesabu ya safari.

Kuna faida moja ya bandari ambayo hesabu hiyo haikuionyesha, nayo ni ukubwa wa meli. Gati yenye kina inapokea meli yenye tani 50,000 na zaidi, na meli hiyo haihitaji mabaharia mara mbili wala mafuta mara mbili ya ile ya tani 25,000. Gharama kwa tani inashuka tangu huko inakotoka. Ili kunufaika nayo, waagizaji wanapaswa kuunganisha oda zao, na hilo ndilo lengo la mfumo wa uagizaji wa mbolea kwa pamoja ulioanza 2017. Kina cha maji na uagizaji wa pamoja vinategemeana. Ukiwa na kina bila oda kubwa, meli ndogo zinaendelea kuja kwenye gati ya meli kubwa.

Basi hata hiyo elfu moja inaishia wapi? Mara nyingi inaishia njiani. Bei elekezi za mbolea zinatangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na bei hizo zinajengwa kwa kujumlisha gharama moja baada ya nyingine: bei ya dunia, meli, bandari, ufungashaji, usafiri, faida ya muuzaji. Gharama ya bandari ikishuka lakini mstari wake kwenye hesabu ukabaki na namba ya zamani, unafuu unamezwa na aliye katikati. Anayemeza si mwizi, ni mfanyabiashara anayetumia nafasi aliyoachiwa. Kwa hiyo nyinyi wenye maduka, kupitia vyama vyenu, dai lenu liwe la wazi: kila msimu TFRA ionyeshe mstari wa bandari ulikuwa kiasi gani mwaka jana na ni kiasi gani sasa. Kwa makontena, anayesimamia tozo na malalamiko ni Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Kampuni ya meli ikikutoza faini ya kuchelewesha kontena ilhali ucheleweshaji ulitokea ndani ya bandari, hilo ni lalamiko halali, lipeleke kwa maandishi ukiambatanisha tarehe na saa za lango.

Nikirudi kwenye mkataba, vipimo vya utendaji vya kila miaka 5 ndiyo nguvu pekee tuliyonayo, na ningependa vitangazwe hadharani kila mwaka. Makontena mangapi kreni moja inanyanyua kwa saa. Meli inakaa gatini siku ngapi. Na cha tatu, ambacho kwetu ni kikubwa kuliko hivyo viwili: lori likifika langoni linatoka baada ya saa ngapi. Kipimo cha tatu kinasahaulika kwa sababu mwenye meli hakijali, ila dereva wa Mbeya anayelala Kurasini, jirani na bandari, kwa sababu karatasi moja haijasomana na nyingine anakijua vizuri sana. Siku mbili za lori kusimama ni siku mbili za mkopo wa lori, posho ya dereva na safari iliyopotea, na yote anakutoza wewe.

Halafu kuna hizo kilomita mia nane na zaidi. Unazijua: hifadhi ya Mikumi inayotaka mwendo wa polepole, Ruaha Mbuyuni, kona za Kitonga ambako lori moja likifeli breki au likilala ubavu njia nzima inafungwa, mizani ya Wenda, mizani ya Makambako, Igawa, halafu msongamano wa Uyole hadi Mafiati. Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi utaipunguzia Mbeya mjini mzigo huo, na kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa Oktoba 2019, kilipunguza kazi ya kukaguliwa mara mbili. Lakini lori lina mwisho wake. Tani 30 kwa safari, mafuta ya dizeli, matairi. Hakuna bandari ya kisasa itakayobadilisha hesabu hiyo.

Ndiyo maana macho yangu yote yako TAZARA. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipangiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya laki moja. Fikiria: bandari inaongezwa kina ili ipokee mzigo mara mbili, na reli iliyojengwa maalumu kuuondoa mzigo huo kuja upande wetu ilikuwa karibu kulala. Mwaka 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya China ya CCECC zilisaini makubaliano ya dola bilioni 1.4 ya kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30. Kwa mkulima wa Rungwe, Mbarali, Mbozi au Makambako, mkataba huo ni mkubwa kuliko ule wa DP World. Nasema hivyo bila kusita. Behewa moja la mbolea linaloshushwa stesheni ya Mbeya ni lori zima ambalo halikupanda Kitonga.

Kuna gharama yake, na si haki kuificha. Mbeya, Mlowo, Mafinga, Ilula na Tunduma zimejengwa na malori. Mafundi tairi, mama ntilie, nyumba za wageni, wauza nyanya na vitunguu wa kando ya barabara, wote wanaishi kwa dereva anayesimama. Reli ikichukua shaba ya Zambia na Kongo pamoja na mbolea, sehemu ya maisha hayo itapungua. Jibu langu ni kwamba malori yatabaki na kazi ya kusambaza kutoka stesheni hadi vijijini, ila hilo halitatokea lenyewe. Panahitajika bandari kavu ya maana huku juu, penye yadi, maghala, maofisa wa forodha wa TRA na kreni. Malawi ililiona hili zamani, ikaweka kituo chake cha mizigo hapa Mbeya tangu miaka ya 1980 ili mzigo wake utoke Dar kwa reli na kuendelea kwa lori. Sasa serikali imefungua bandari kavu ya Kwala, Pwani, mwaka 2025, ikihudumia nchi jirani. Ni hatua nzuri kwa kupunguza msongamano Dar. Lakini Kwala iko karibu na bahari kuliko ilivyo karibu na sisi, na inategemea reli ya kisasa ya SGR ambayo haiji upande huu. Wabunge wa mikoa yetu ningependa wasimamie hili kuliko wanavyosimamia mengine mengi.

Na wasichelewe. Mzigo wa Zambia na Kongo hauna lazima ya kupita Tunduma. Una Beira, una Durban, una Walvis Bay, na sasa una Lobito kule Angola, ambako reli imekodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Tuliwahi kuonja. Mwaka 2016 kodi ya ongezeko la thamani iliwekwa kwenye huduma za mizigo ya nje inayopita nchini, wateja wakaanza kuhamia bandari nyingine, na mwaka 2017 kodi ikaondolewa. Tunduma waliuhisi mwaka ule kwenye meza za chakula.

Sasa parachichi. Hapa jibu ni la kitaalamu kidogo lakini litakusaidia.

Parachichi aina ya Hass likishachumwa linataka baridi ya nyuzi 5 hadi 6 hivi, bila kukatika, hadi kwa mnunuzi. Kontena la baridi ni friji yenye urefu wa semi-treila: barabarani linategemea jenereta iliyofungwa juu yake, bandarini linategemea soketi ya umeme, melini vile vile. Baridi ikikatika saa kadhaa Chalinze, hutaona chochote siku hiyo. Utaona mwezi mmoja baadaye, kontena linapofunguliwa Ulaya na nusu ya maboksi yamekwisha kuwa laini. Safari nayo ilirefuka mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo tunda likalazimika kuvumilia siku nyingi zaidi.

Mombasa inapendwa kwa sababu ambayo haina uhusiano mkubwa na uzuri wa gati. Kenya inasafirisha matunda, mboga na maua kila wiki, kwa hiyo makontena ya baridi yanapatikana muda wote, soketi zipo, na meli zenye nafasi ya mzigo wa baridi zina ratiba ya kueleweka. Makontena ya baridi yanakaa kule yanakohitajika. Dar imejaa makontena makavu yanayorudi matupu, lakini ya baridi ni machache, kwa sababu tunaagiza bidhaa chache za kugandishwa na tunasafirisha chache pia. Kampuni ya meli haiwezi kuleta friji 50 tupu kwa ahadi ya "labda". Italeta ikipewa mzigo wa uhakika kwa wiki kadhaa mfululizo.

Maana yake ni kwamba nusu ya dawa iko mikononi mwenu. Rungwe na Njombe zikiunganisha mzigo wao kwa wiki, zikafunga mkataba wa pamoja na kampuni moja ya meli kupitia Dar, makontena yatakuja, kwa sababu sasa gati zipo na waendeshaji wawili wanagombea wateja. Nusu nyingine ni ya serikali na wawekezaji: soketi za kutosha zenye jenereta ya akiba, ukaguzi wa afya ya mimea unaofanyika kwenye vituo vya kufungashia huku huku ili kontena lisifunguliwe tena bandarini, na kipaumbele cha lango kwa mzigo unaooza. Hayo ni ya gharama ndogo ukilinganisha na kuchimba bahari.

Kuhusu Mtwara, ambayo najua baadhi ya wenzako wa Njombe wanaitazama: kwa Songea na Mbinga inaeleweka, kwa sababu Songea hadi Mtwara ni karibu zaidi kuliko Songea hadi Dar. Kwa Njombe hesabu inageuka, Dar iko karibu. Na kwa wewe wa Tukuyu, kuzunguka Makambako hadi Mtwara ni kuongeza barabara bila sababu. Isitoshe meli za makontena pale zinafuata msimu wa korosho, ambao hauwasubiri wakulima wa parachichi.

Kwa hiyo msimu ujao usihamishe kila kitu. Kama muuzaji wenu wa nje ana nafasi ya uhakika Mombasa, mwachie sehemu kubwa ya mzigo aipitishe huko. Mwombeni ajaribu kontena chache kupitia Dar, kila moja likiwa na kifaa cha kurekodi joto ndani yake tangu kituo cha kufungashia hadi kwa mnunuzi. Mkipokea rekodi hizo, laza ile ya Dar kando ya ile ya Mombasa, tazama saa kwa saa ni wapi baridi ilipanda, kisha weka chini yake gharama ya kilo moja kwa kila njia. Chama chenu kikienda na karatasi hizo kwa mwendeshaji wa gati, kwa TPA na kwa kampuni ya meli, mtakuwa mnazungumza nao kwa namba zenu wenyewe, na hata mwaka ambao mkataba wa DP World utapimwa kwa mara ya kwanza, mtakuwa na la kupeleka mezani.